Gari la Urithi: Mifupa Kwanza, Ngozi Baadaye

Juma lililopita niliitwa Tassia, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kwenda kutazama gari. Aliyeniita ni karani wa ofisi moja ya Industrial Area, mtu mwenye bidii na mwenye kuweka akiba. Barua yake ilikuwa fupi: "Bwana, baba yetu alifariki mwaka jana, akatuachia Peugeot 404. Lina kutu. Ndugu zangu wasema liuzwe kwa kilo kama vyuma vikuukuu. Mimi nataka kulipaka rangi. Tafadhali njoo ulitazame kabla hatujagombana."

Nikaona ya kwamba shauri hili si la mtu mmoja. Wako wengi mijini na mashambani walioachiwa gari, trekta au lori na wazee wao, nao hawajui waanzie wapi. Kwa hiyo nilikwenda, nami nilimchukua fundi mmoja mzee wa bodi, mwenye karakana yake huko Kariobangi, ili aone kwa macho ya kazi yale ambayo mimi naona kwa macho ya kalamu tu.

Tassia si mahali penye nafasi. Majumba ya ghorofa yamesongamana, na mwenye gari hulipa kila mwezi ili aliweke katika kiwanja chenye ua na mlinzi. Huko ndiko tulikolikuta gari, limefunikwa turubai, magurudumu yake yamelala bila upepo. Lilikuwa la rangi nyeupe zamani. Ni lile la nyuma ndefu, lenye safu tatu za viti, na nambari zake ni zile za kale zisizo na herufi ya mwisho.

Wasomaji walio wazee hawana haja ya kuelezwa sifa za gari hili. Peugeot 404 lilitolewa Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa katika karakana ya Pininfarina ya Italia. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, lilishinda mara nne: mwaka 1963 na 1968 likiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 likiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania. Katika mwaka 1963 na mwaka 1968 matope yalikuwa mengi hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Basi si ajabu watu wakaliamini. Yale ya nyuma ndefu yalichukua abiria kati ya Nairobi na miji mingi ya Kenya kwa miaka na miaka, na baba yake karani alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo, akienda Machakos na kurudi. Kwa nauli za gari hilo watoto watano walisomeshwa.

Mzee alipochoka aliliegesha shambani kwake Kangundo, chini ya mwembe. Hapo lilikaa miaka 14.

JEKI ILIPANDA, GARI HALIKUPANDA

Kabla hatujafika, karani alikuwa amekwisha kuzungumza na mpaka rangi mmoja, naye alimwahidi ya kwamba kwa majuma mawili, kwa fila na rangi, gari litang'aa kama lililotoka dukani. Fedha za kazi hiyo zilikuwa tayari, zimewekwa kando. Na kwa kweli ukilitazama kwa mbali, hukuona ubaya mwingi: malengelenge machache chini ya milango, na tundu moja karibu na taa ya nyuma.

Fundi wetu hakusema neno. Alivua koti, akalala chali juu ya gunia, akaingia chini na tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Tulisikia akigonga. Mahali pazima chuma hulia kama kengele. Mahali palipooza hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Baadaye alitoka, akachukua sumaku iliyofungwa kitambaa laini, akaipitisha polepole juu ya rangi. Penye chuma sumaku ilishika. Chini ya milango yote miwili ya upande wa dereva ilianguka, maana pale hapakuwa na chuma tena, bali fila iliyopakwa zamani na mtu mwingine.

Mwisho aliweka kipande cha ubao chini ya kizingiti cha mlango, akaweka jeki chini ya ubao, akaanza kuinua. Jeki ilipanda, gari halikupanda. Kizingiti kilibonyea ndani kama boksi la karatasi lililolowa. Akaishusha jeki mara moja.

"Kijana wangu," alisema, "gari hili limesimama kwa rangi tu."

Karani aliuliza kwa huzuni, "Mzee, si tuzibe hapo na kupaka?"

"Waweza. Litang'aa. Na siku litakapogongwa ubavuni, hao uliowapakia hawatakuwa na kitu cha kuwakinga."

MAANA YA MIFUPA YA GARI

Hapa yafaa tueleze jambo moja ambalo wengi hawalijui. Lori lina chasisi, yaani miti miwili mizito ya chuma, na bodi huwekwa juu yake kama nyumba juu ya msingi. Bodi ikioza, chasisi hubaki. Lakini Peugeot 404, kama magari mengi madogo ya zama zake na ya siku hizi, halina chasisi ya namna hiyo. Sakafu, vizingiti, nguzo za milango na paa vimeunganishwa vikawa kitu kimoja, na nguvu yote imo katika kuunganika huko. Ni kama kibuyu: ganda lenyewe ndilo nguvu yake. Ukikitoboa kibuyu mahali pamoja chaweza kuzibwa. Ukikitoboa pande zote hakibebi tena.

Kati ya sehemu hizo, vizingiti ni mifupa mikuu. Kila kimoja ni kama boksi refu lenye uwazi ndani, linaloanzia karibu na gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Vikioza, gari huanza kupinda katikati. Milango hushuka, haifungiki vema, na kioo cha mbele chaweza kupasuka bila kupigwa na jiwe. Mtu husema, "Bawaba zimechakaa," akanunua bawaba mpya, kumbe ni uti wa mgongo uliokatika.

Tena kutu haianzi nje. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa. Chumvi ikiongezeka kutu huenda mbio, ndiyo sababu magari ya pwani huoza upesi kuliko ya bara. Lakini hata bara, matope yakijaa ndani ya upinde wa gurudumu hukaa na unyevu majuma mengi baada ya mvua kwisha. Udongo mweusi wa Embakasi ni mbaya sana kwa jambo hili, maana hunata na hushika maji. Majani ya mwembe nayo yaliziba vitundu vilivyowekwa na watengenezaji ili maji yatoke. Maji yakakosa njia, yakalala ndani ya kizingiti, yakala chuma kutoka ndani kuja nje. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, huvimba na kuachanisha mabati yaliyobanwa pamoja. Kwa hiyo lengelenge dogo unaloliona juu ya rangi si mwanzo wa ugonjwa, bali aghalabu ni mwisho wake.

HATI KABLA YA NYUNDO

Nilimwuliza karani, "Gari hili ni la nani?"

Akajibu, "Ni letu."

"Katika kitabu cha gari limeandikwa jina gani?"

"La baba."

Basi kwa sheria bado ni mali ya marehemu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hairuhusu mtu asiye na idhini ajitwalie mali ya marehemu na kuitumia apendavyo. Hilo ni kosa. Njia iliyo sawa ni hii: familia hupata barua ya chifu yenye kuwataja warithi wote, hupeleka maombi mahakamani, hupewa hati ya usimamizi wa mirathi, na hati hiyo huthibitishwa na mahakama, kwa kawaida baada ya miezi sita. Waislamu waweza kuyapeleka mambo yao mbele ya Kadhi. Hati ikisha kuthibitishwa, ndipo NTSA, mamlaka inayosimamia usafiri wa barabarani, huandika jina la mmiliki mpya.

Wengine wataona haya ni maneno ya makarani. Lakini fikiri: ndugu mmoja atumie akiba ya miaka mitatu kulitengeneza gari, kisha ndugu wa pili, ambaye hakutia sahihi mahali popote, adai fungu lake likiwa tayari lina thamani. Nyumba ngapi zimevunjika kwa jambo dogo kuliko hilo? Miezi sita ya kungojea hati si miezi iliyopotea. Ni muda wa kulisafisha gari, kulikausha, kulikinga na mvua, na kufanya hesabu. Kukata chuma kungoje.

Tena angalieni nambari ya chasisi iliyopigwa katika bodi na ile ya injini. Zilinganisheni na kitabu. Bamba lenye nambari lisikatwe wala lisifunikwe na fila, hata likiwa karibu na kutu. Gari lisilo na nambari yake halina baba mbele ya sheria. Na kama rangi au injini itabadilishwa, badiliko hilo liandikishwe.

CHORA RAMANI YA GARI

Mkulima mwenye akili hatibu ng'ombe wote kwa dawa moja. Kwanza huwatenga, huwakagua mmoja mmoja, na huandika. Fundi wetu alifanya vivyo hivyo. Alimwagiza karani aoshe chini ya gari kwa maji mengi na brashi ya waya, aliache likauke siku mbili juani, kisha aondoe viti, mazulia na bitana za milango. Baada ya hapo walichora umbo la gari juu ya karatasi kutoka pande tano: kushoto, kulia, juu, mbele na nyuma, na karatasi ya sita ya sakafu likitazamwa kutoka chini.

Kila mahali palipogongwa paliandikwa kwa penseli ya rangi. Nyekundu ni pale penye kubeba uzito palipooza: vizingiti, miti ya chini ya sakafu, mahali springi na vizuia-mrusho vinaposhikamana na bodi, mahali mikanda ya usalama inapofungwa, na nguzo za milango. Manjano ni sakafu na pinde za magurudumu, zilizotoboka lakini hazibebi uzito mkuu. Kijani ni kutu ya juu tu, inayotoka kwa msasa. Walihesabu sehemu 23: nyekundu 8, manjano 6, kijani 9. Kila sehemu ilipigwa picha kwa simu na kupewa nambari.

Karani aliniambia baadaye ya kwamba alipoiona karatasi ile ndipo hofu ilipomtoka. "Zamani niliona kutu," alisema. "Sasa naona kazi 23."

Ramani ina faida nyingine. Kwa hiyo waweza kuwaita mafundi watatu mbalimbali na kumwuliza kila mmoja bei ya sehemu zile zile. Bila ramani, mmoja hukuambia bei ya kuziba na mwingine bei ya kujenga, nawe huwezi kulinganisha. Fundi asiyetaka kuitazama karatasi, akasema, "Niachie tu, nitajua mbele," mshukuru na uondoke.

MPANGO WA KAZI

Fundi alitupa utaratibu wa kazi, nami nauandika kama alivyousema.

Kwanza, ondoa hatari ya moto. Tangi la mafuta litolewe kabisa, wala si kumwagwa mafuta tu, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka upesi kuliko mafuta yenyewe. Betri ifunguliwe. Kizima moto na ndoo ya mchanga viwe karibu. Kwa sababu hiyo peke yake, kazi ya kuchomelea haifai kufanywa katika ua wa nyumba za kupanga, penye watoto na nguo zilizoanikwa. Gari lipelekwe karakana yenye nafasi, na lipelekwe juu ya lori, lisivutwe kwa kamba.

Pili, lisawazishe gari kabla ya kukata. Hapa ndipo mafundi wengi wasio na subira huharibu kabisa. Ukikata kizingiti kilichooza huku gari limening'inia, bodi hupinda, na ukichomelea chuma kipya umelipindisha milele. Gari liwekwe juu ya vigingi vya chuma vilivyo imara, mahali palipo sawa, likaguliwe kwa pima maji. Vipimo vichukuliwe kutoka kona hata kona, kwa mshazari, na kuandikwa. Kisha vyuma vya muda vichomelewe kuvuka nafasi ya mlango, kutoka nguzo hata nguzo, viishike bodi isicheze. Upande mmoja umalizike kwanza, na vipimo virudiwe, ndipo upande wa pili uguswe.

Tatu, kata mpaka chuma kizima. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kufunga jeraha lenye usaha. Kiraka hudumu mvua mbili, kisha hutoka pamoja na kile kilichokishika. Ndani ya kizingiti mna bamba jingine la kuimarisha; nalo likioza lijengwe upya kabla ya kufunika.

Nne, tumia chuma kinachofaa. Fundi alicheka kwa uchungu akituonyesha mahali palipozibwa zamani kwa bati la kuezekea nyumba. Bati la geji 30 lina unene wa kama sehemu tatu za kumi za milimita, na haliwezi kubeba gari. Tena limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomtia fundi homa na kutetemeka usiku. Bodi yataka bamba la chuma lisilo na zinki: geji 20, yaani kama milimita 0.9, kwa sakafu. Na geji 18, yaani kama milimita 1.2, kwa vizingiti na mahali penye uzito. Mafundi wa bati wa Kamukunji, wanaotengeneza masanduku na majiko, waweza kuyakunja mabamba hayo sawasawa ukiwapelekea mfano wa karatasi ngumu. Vipuri vingine hutafutwa Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado waiita Grogan.

Tano, mashine ya kuchomelea. Ile ya vijiti, inayofaa kwa malango na madirisha ya nyumba, hutoboa bamba jembamba la gari. Iliyo bora ni ile ya waya na gesi ya kukinga, na fundi achome kidogo kidogo, akihama hapa na pale, ili joto lisilipindishe bamba.

Sita, kinga ndani na nje. Chuma kipya kisichopakwa kitaota kutu kabla hujamaliza kazi. Kila mshono upakwe rangi ya kuzuia kutu na uzibwe maji yasiingie. Ndani ya vizingiti pulizwe nta ya kukinga kutu. Na vitundu vya kutolea maji viachwe wazi. Wengi humwaga mafuta machafu ya injini chini ya gari wakidhani ni dawa. Mafuta hayo hulainisha na kuharibu mipira, hudondoka na kuchafua udongo na mito, wala hayakai.

Saba, na si kabla ya hapo, ndipo breki, springi na injini vitengenezwe. Mabomba ya breki ya gari lililolala miaka mingi yabadilishwe yote bila ubishi, maana nayo ni chuma na yameota kutu.

Nane, ndipo fila na rangi. Fila si haramu. Ina kazi yake: kulainisha bonde dogo juu ya chuma kizima, kwa unene wa milimita mbili au tatu. Ikitumika kama chuma, huo ni udanganyifu.

HESABU NA MAHALI PA KUSIMAMA

Sasa fedha. Sitaandika bei hapa, kwa sababu bei ya leo si ya kesho, na kila gari lina ugonjwa wake. Lakini naweza kutoa kanuni. Fanya hesabu ya kazi yote mpaka mwisho, si ya kuanza tu. Ongeza theluthi moja juu yake, kwa sababu kutu iliyofichika huwa nyingi kuliko inayoonekana. Kisha gawanya kazi katika vipindi, na kila kipindi kiishe mahali ambapo gari laweza kukaa salama hata fedha zikikwisha mwaka mzima. Usivue mabati yote kwa siku moja. Viwanja vyetu vimejaa magari yaliyofunguliwa kwa furaha na hayakufungwa tena.

Tena amua mapema mahali pa kusimama. Fundi alimwambia karani waziwazi: "Sijaona ndani ya mashikio ya springi za nyuma. Tukifungua tukakuta yameoza pamoja na vizingiti vyote viwili na miti ya sakafu, nitakushauri uache. Uza injini, viti na milango kwa mwenye 404 lililo zima, uweke usukani nyumbani kwa kumbukumbu." Kuacha hivyo si kushindwa. Ni afadhali kuacha kwa hesabu kuliko kuacha kwa deni la ushirika na karo za watoto hazijalipwa.

Wengine wataniuliza kama gari kama hili laweza kupelekwa katika maonyesho ya magari ya fahari yanayoitwa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo huandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Laweza. Lakini fahamuni ya kwamba hata huko, penye vioo ving'aavyo na watu wenye kofia nzuri, waamuzi hutazama chini ya gari pia. Hawatoi alama kwa rangi peke yake.

KIKAO CHA NDUGU

Jumapili iliyofuata karani alikwenda Kangundo akiwa na zile karatasi sita. Nami nilialikwa niwe shahidi. Kaka yake mkulima, aliyetaka gari liuzwe kwa kilo, alizitazama kwa muda mrefu. Mwisho alisema, "Kama ungeniletea bei ya rangi, ningekataa. Hii nimeielewa. Hata ghala langu la mahindi nilianza na miguu, mchwa walipoila."

Wakakubaliana hivi. Hati ya mirathi kwanza, na jina litakaloandikwa katika kitabu liwe la mama yao. Fedha zilizowekwa kwa rangi zitumike kufungua mashikio ya springi na kujenga kizingiti cha upande wa dereva, lakini mpaka hati ithibitishwe zikae benki. Kila mmoja wa ndugu watano atachanga kadiri awezavyo, na mchango wake uandikwe daftarini. Kama mashikio yameoza, kazi isimame, wala pasiwe na lawama.

Mama yao alikuwa amekaa kimya, akichambua mbaazi. Walipomwuliza yeye ataka gari lipakwe rangi gani, alijibu, "Baba yenu hakulipenda kwa kung'aa. Alilipenda kwa sababu lilimrudisha nyumbani kila jioni. Litengenezeni lirudishe watu nyumbani. Rangi mtajua wenyewe."

Sina la kuongeza juu ya maneno ya mama huyo, ila mashauri machache kwa wale ambao gari lao bado ni zima. Osheni matope chini ya gari na ndani ya pinde za magurudumu kila baada ya mvua, hasa katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Wakazi wa Nairobi hawajasahau mvua za Aprili 2024 na mafuriko yake. Gari lililoingia katika maji ya namna ile lifunguliwe milango, mazulia yatolewe, na likaushwe mpaka ndani. Zibueni vitundu vya maji kwa waya mara mbili kwa mwaka. Msiegeshe juu ya majani mabichi wala chini ya mti mmoja miaka nenda miaka rudi. Turubai lisiguse bodi. Liinuliwe kwa miti ili hewa ipite, maana turubai lililobana hushika unyevu kuliko kukinga mvua. Na mwaka mara moja, laleni chini ya gari kwa bisibisi na nyundo ndogo, mlisikilize.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya breki za magari makuukuu, na sababu ya maji kuingia ndani ya mafuta yake.